Kilio Nilichokipa Jina

Faida,

Sianzi na salamu, maana tangu Jumapili mimi na wewe hatusalimiani, na sitaki kukuamkia kwenye karatasi wakati sebuleni tunapishana kama wapangaji. Mkoba wako uko mlangoni. Umeufunga mwenyewe kwa kamba, ukakataa hata nikushikie ncha. Sawa. Kesho askari wakifungua barabara utapanda basi la Muyinga, na sina nguvu tena ya kukuzuia. Nimejaribu wiki tatu nzima. Nilikufokea, nikakuita mtoto asiye na shukrani, nikakwambia kazi ya uuguzi ipo hata hapa Gitega kwa anayeitafuta, nikafikia hatua ya kutishia kuificha diploma yako. Yote hayo niliyafanya na siyakanushi.

Wewe umeamua kwamba sababu ni dini. Ulinirushia maneno mbele ya yule jirani anayeuza sabuni: "Papa, sema tu ukweli! Hutaki nikae kwa Mama Zuhura juu ni Muislamu. Iko ivyo, na unaona haya kusema." Nilikuacha uamini hivyo. Niliona afadhali unione mbaguzi kuliko unijue. Lakini kuanzia kesho utalala katika nyumba ya yule mama, utakula chakula chake, atakuita mwanangu kama alivyokuita siku zote, naye hajui baba yako alimfanyia nini siku mume wake alipouawa. Mimi najua. Mama yako alijua. Sasa utajua na wewe, na angalau utanichukia kwa sababu iliyo ya kweli.

Mambo ya kuchemsha maji na kulala ndani ya chandarua sikwambii, umeyasomea. Wala sikwambii uchague marafiki. Mimi si mtu wa kumwambia mwingine achague nini.

Unajua nilitoka Uvira nikiwa kijana, nikaja kufundisha Kilatini na Kigiriki cha kale shuleni kwa mapadre, kule Mushasha. Unachokumbuka kidogo ni jinsi nilivyokuwa na majivuno. Hapa mtaani kwetu Magarama watu waliniita Profesa, na mimi badala ya kucheka niliitika. Nilitembea na daftari la jalada jeusi, na humo nilikuwa nakusanya maneno ya Wagiriki ya kulia. Ndiyo, ya kulia. Wengine hukusanya stempu. Wale watu wa kale walikuwa na neno kwa kila namna ya kilio, na mimi nilitaka kuyapata yote, niyapange, niandike kitabu ambacho nilijua vizuri hakuna mtu angekichapisha.

Kulikuwa na goos, kilio cha ndugu wa marehemu mwenyewe, kisicho na mpangilio, kinachotoka kama kinavyotoka. Kulikuwa na threnos, wimbo wa maombolezo uliotungwa, ambao hata mtu wa kukodiwa aliweza kuuimba huku anafikiria chakula cha jioni. Kulikuwa na kokutos, ukelele mkali wa wanawake, na oimoge, kuugua kwa mtu anayesema ole wangu, ole wangu. Kulikuwa na sauti tupu, ototoi, na wanafunzi walikuwa wanacheka hadi machozi nikiitamka, wanasema ni mtoto aliyeunguzwa na uji. Nami nilicheka nao. Mwisho wa somo nilikuwa nawapa boe, ukelele wa kuita watu, na kuwaonyesha kwamba kwa Kigiriki kumsaidia mtu maana yake ni kuukimbilia ukelele wake. Kila mwaka kulikuwa na kijana wa kunyoosha mkono: "Mwalimu, hiyo si ni induru?" Nilimsifu. Ndiyo, ni induru hasa. Kwao mama yako, Ryansoro, induru ikipigwa kilimani anayeisikia anaacha jembe na kutoka, na aliyebaki ndani kesho yake anaulizwa mbele ya wenzake alikuwa wapi. Niliwafundisha hayo miaka tisa, kwa chaki, kwa sauti nzuri.

Sasa nikwambie habari ya Fundi Haruna, mume wa Mama Zuhura.

Unamkumbuka kwa cherehani yake barazani na futi lake shingoni. Alikushonea sare ya shule akaacha pindo refu, ili ukirefuka nisinunue nyingine. Kati ya uwanja wao na wetu kulikuwa na ua wa vichaka vya miyenzi tu, hatua sita kutoka ukuta hadi ukuta. Vita vilipoingia mjini, Haruna aliwaficha watu wawili katika chumba chake cha vitambaa. Walikuwa wa upande gani, usiniulize, maana wiki hiyo waliwindwa hawa na wiki nyingine wakawindwa wale, na yule fundi angemficha yeyote aliyefika na kiatu kimoja mguuni. Wale wawili walikwisha kuondoka zamani, lakini maneno yalikuwa yamesambaa. Mimi niliyasikia. Nilimwambia mama yako kwamba Haruna anajitafutia balaa.

Wewe ulikuwa Ryansoro kwa bibi yako wiki ile, ndiyo maana hukusikia. Ilikuwa saa kumi ya alasiri, jua linawaka, watu wako majumbani kwa sababu ya hofu. Nilikuwa mezani nasahihisha mitihani. Mama yako alikuwa anamenya mihogo. Ukelele ukatoka kwa Haruna, sauti ya Mama Zuhura, na nyuma yake sauti nyingine nyembamba.

Mama yako alisimama na kisu mkononi. "Papa Faida, hiyo ni induru."

"Hapana," nikasema. "Ni msiba. Ule mama mzee wa Haruna amekufa."

"Mi najua induru, nimezaliwa nayo. Twende!"

"Sikiliza muzuri." Niliinua kidole, Faida, kama niko darasani. "Inashuka mwishoni, unasikia? Induru haishuke. Hiyo ni ya kulilia maiti. Kesho tutaenda kutoa pole."

"We unasema maiti. Na kama mutu iko angali muzima?"

Nilikwenda mlangoni nikasukuma komeo, nikaegemeza mgongo. Akanitazama. Nikamwambia kwamba mimi ni Mkongomani, ni mgeni, vita hivi si vyangu, na kwamba tuna mtoto. Nilikutumia wewe pia. Halafu, alipokaa chini na kujifunika uso kwa kitenge, nilirudi mezani nikasahihisha karatasi nne. Nakumbuka alama nilizotoa. Mmoja nilimnyima nusu alama kwa sababu alichanganya goos na threnos.

Usije ukamwambia mtu kwamba baba yako alikosea kusikia. Sikukosea. Nilijua tangu sauti ya kwanza. Yule mama mzee, aliyemzaa Haruna, alikuwa mgonjwa kweli, kwa hiyo uongo wangu ulipata mahali pa kukaa, lakini mimi niliyekuwa nausema niliujua ni uongo kabla haujamaliza kutoka mdomoni. Kilio cha msiba kinaweza kungoja hadi kesho. Ndiyo maana nilichagua jina hilo na si lingine.

Waliomuua Haruna walikuwa vijana watatu. Wawili walikuwa na rungu, mmoja na panga. Watatu tu, na mtaa ule ulikuwa na nyumba zaidi ya ishirini. Utasema watu wote walibaki ndani, si mimi peke yangu. Ndiyo, wote walibaki, na huko nyuma nilijifariji sana kwa hesabu hiyo. Lakini wiki iliyofuata vijana wale wale walikwenda kwa mama mmoja muuza mafuta ya mawese, barabara ya juu. Akapiga yowe, mzee mmoja kilema akatoka na fimbo yake, wanawake wakatoka wanagonga sufuria, mtaa mzima ukamwagika nje. Vijana wakakimbia. Yule mama anauza mafuta mpaka leo, na wewe ndiko unakonunua. Kila ukirudi na chupa yake naiona.

Mazishi ya Haruna nilikwenda. Nilivaa koti. Wazee wa msikiti waliwaambia wanawake wasipige kelele, waombe dua, na Mama Zuhura akatii, akakaa kwenye mkeka na midomo imefungwa. Nikainama mbele yake nikasema, "Pole sana, mama. Tulisikia, tukadhani ni mama mzee."

Akainua macho. "Mama mzee? Mama mzee alikuwa amenishika muguu, tunapiga makelele wote wawili." Halafu akasema, "Bon, nyinyi hamukusikia muzuri. Asante mumekuja."

Alinipa udhuru mwenyewe, kwa mkono wake, na mimi nikaupokea. Kisha wakaleta pilau nikala.

Hapo bado sijafika kwenye aibu yenyewe. Aibu yenyewe mama yako aliikuta siku chache baadaye, akitafuta karatasi ya kuwashia moto. Alifungua lile daftari jeusi. Humo, baada ya maneno ya Kigiriki, nilikuwa nimeandika kwa Kifaransa, kwa mwandiko wangu mzuri, jinsi ukelele wa Mama Zuhura ulivyoanza juu, ukakatika mara tatu, ukashuka, na jinsi sauti ya pili ilivyoufuata. Nilikuwa nimeandika saa ile ile. Chini yake niliongeza baada ya mazishi: Waislamu wa Magarama, hakuna goos, dua tu. Mama yako alisoma polepole, Kifaransa chake unakijua kilikuwa cha shule ya msingi, lakini kilitosha.

"Uliandika," akasema.

Nikaanza kumweleza kwamba ni kazi, ni utafiti. Hakungoja nimalize. Alilichana daftari karatasi kwa karatasi, akaliwashia mbabula, jiko letu la makaa, akabandika maharage juu yake. Niliona miaka yangu tisa ikiivisha maharage, na nakiri kwamba kwa dakika moja nilimchukia kwa ajili ya daftari. Kwa ajili ya daftari, Faida! Ndiyo mtu aliyekulea.

Tangu hapo hakunitukana wala hakunisema kwa mtu. Alikuwa anavuka ule ua kila siku, anamchambulia Mama Zuhura mchele, anamfulia, anakaa naye eda yote. Nilidhani anakwenda kumfariji. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa anakwenda kujaribu kusema, na kila siku alirudi hajasema. Alisema mara moja tu, kwa hasira, akivua viatu mlangoni: "Ananipenda sana, ule mama. Umenifanya niibe mapendo ya mutu." Mama Zuhura alipohamia Muyinga kwa kaka yake mwenye duka la vitambaa, mama yako aliugua siku tatu, na wewe ukadhani ni malaria.

Sasa nifike kwenye kaburi la mama yako, kwa sababu najua ndipo ulipoanza kuniacha, kabla hata ya diploma na kabla ya Muyinga.

Ulisimama Ryansoro kwenye mvua, ukanitazama nimekauka kama mti wa simu. Mama wa mtoto wangu anashushwa chini na mimi sina chozi wala sauti. Mama Zuhura alikuwa amesafiri kutoka Muyinga, barabara ya vizuizi na risasi, na yeye ambaye hakumlilia mume wake alijitupa kwenye udongo akamlilia rafiki yake mpaka akashikwa na watu wanne. Ulinisogelea ukasema kwa sauti ndogo, "Mama Zuhura anamulilia kuliko we." Tangu siku ile unaniita Papa kama mtu anavyomwita karani.

Mama yako alinikataza. Siku mbili kabla hajafa, wewe ulipokwenda kutafuta dawa, aliniita karibu nikadhani anataka maji. Akasema: "Mi nikikufa, usinililie. We unajua majina ya kilio, utayataja tu. Kulia, hapana. Walikuita, ukakataa kutoka." Nikamwomba. Nilipiga magoti, kama hilo linakusaidia chochote. Akageuza uso ukutani, akasema, "Faida asijue, angali mutoto." Basi nikanyamaza pale kaburini, kwa sababu lilikuwa jambo la mwisho aliloniomba na lilikuwa la haki. Hilo la pili, kwamba usijue, nimelivunja leo. Wewe si mtoto tena.

Sitaki unihurumie. Naijua tabia yako, ukishasoma hapo juu utaanza kulainika, utasema Papa naye aliteseka. Acha. Aliyeteseka alikuwa Haruna, kati ya saa kumi na saa kumi na nusu, hatua sita kutoka kwenye kalamu yangu. Mimi nilikuwa mwoga, na waoga ni wengi, wengine niliwajua wakaja kuwa watu wazuri tu. Ubaya wangu ni kwamba nilikuwa mwoga mwenye maneno. Asiyesoma akijificha anajua kwamba amejificha. Mimi nilijificha nikafanya somo.

Nakwambia hili kwa sababu ya kazi unayokwenda kuifanya. Utavaa koti jeupe, utajua majina ya kila kitu. Mgonjwa ataita kutoka chumba cha mwisho, na wewe umechoka, miguu imevimba, na jina litakujia haraka kabla ya miguu kunyanyuka. Utasema huyu ni wa kelele. Utasema analia hivyo kila siku, ni mishipa tu, ni woga, si uchungu wenyewe. Pengine litakuwa jina sahihi kabisa. Mimi pia niliwahi kuwa sahihi mara nyingi, na hakuna hata mtu mmoja aliyefaidika. Sijui nikushauri nini juu ya hilo. Najua tu linavyokuja, linakuja na sauti ya mtu mwenye akili.

Nilikuwa nimekusudia kumaliza hapa. Utaona chini kuna mistari minne nimeifuta kwa wino mpaka karatasi imetoboka. Ilikuwa inasema: ukifika, mpe Mama Zuhura barua hii, au msomee, kisha uniandikie amesema nini. Niliiandika vizuri, nikaisoma tena, nikaona komeo. Ni mimi yule yule, nyuma ya mlango, natuma maneno, na safari hii mtu ninayemsukuma nje ni mtoto wangu wa kike.

Kwa hiyo nimekwenda stendi sasa hivi, kabla hawajafunga. Ulikuwa kwa mama wa sabuni, hukuniona. Basi la kesho lilikuwa limejaa ila kiti kimoja nyuma, juu ya gurudumu, nimekichukua. Barua hii nitakupa tukishapita Karuzi, maana nikikupa hapa hutanikubalia kupanda. Wewe nakuandikia kwa sababu mdomo wangu hauwezi kukwambia ukiwa umenitazama. Yeye sina ruhusa ya kumwandikia. Yeye nitamwambia kwa mdomo.

Najua ninachokuharibia. Chumba ulichoahidiwa ni chake, na aliyekuombea kazi zahanati ni kaka yake. Ningenyamaza ungeishi pale kwa raha, ungependwa, ungepikiwa, na yule mama angekufa siku moja akiniombea dua. Mama yako aliishi hivyo miaka minne na ikamla. Siwezi kukupeleka ukaibe tena mahali pale pale. Ukiniona mkatili, uko sahihi, sibishani nawe.

Tukifika, wewe baki barabarani na mkoba wako. Usiingie, usinishike mkono, usimweleze mtu kwamba mimi ni mzee. Nitaingia peke yangu niseme kwamba nilisikia, kwamba nilijua, kwamba nilifunga mlango. Akinitemea mate, nimetemewa. Akitaka kupiga yowe lile alilolimeza kwenye mkeka, alipige, na majirani zake wote watoke wanikute nimesimama. Nikimaliza nitakaa kimya, na yeye ndiye atakayetoka kuja kukutazama pale barabarani, aamue kama mtoto wangu ana kitanda nyumbani kwake.

Papa